Ngiri Waliorudi Bila Medali

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo amejibu kama ana jino linamuuma? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Watoto kaeni mbele, wakubwa kaeni nyuma. Na nyinyi wakubwa msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto. Hadithi hii ni yenu kuliko yao, kwa sababu ni hadithi ya wivu. Mtoto akimwonea mwenzake wivu analia, anapigwa kibao kimoja, anasahau. Mtu mzima halii. Mtu mzima anacheka na wewe, anakuuliza habari za nyumbani, kumbe moyoni kunatokota kama chungu cha maharage.

Basi hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliikuta imeshapita, palikuwa na bwawa moja na mataifa matano. Taifa la Swala. Taifa la Nyani. Taifa la Mbuni. Taifa la Kobe. Na taifa la Ngiri.

Masika hakukuwa na shida. Kila mmoja alikunywa kwenye dimbwi lake. Lakini kiangazi kikija, madimbwi yanakauka, na wote wanakimbilia bwawani. Hapo sasa! Kusukumana, mateke, pembe! Nyani wanarusha mawe. Watoto wa kobe wanakanyagwa, kacha! Kila mwaka walizika wenzao wawili watatu, na kosa lao lilikuwa kiu tu.

Siku moja wakaitana kikao. Wakasema, "Tumechoka kupigana. Safari hii tushindane. Turuke, tupande, tukimbie, turushe. Mshindi apewe medali. Taifa litakaloshinda wenzake kwa medali litakunywa la kwanza kiangazi chote. La pili litafuata. La tatu litafuata. Lenye medali ya kwanza hata moja litabakiziwa maji. Na taifa lisilo nayo litakunywa mwisho."

Kobe mmoja akauliza, "Na huko mwisho kuna nini?"

Wakamjibu, "Mwisho kuna tope."

Kila mmoja akatazama chini akaliwaza hilo tope.

Medali zenyewe zilikuwa za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nta ya nyuki, ya njano, inang'aa juani. Ya pili ganda la konokono, jeupe. Ya tatu udongo mwekundu uliochomwa. Zote zilitobolewa tundu, zikatiwa kamba, za kuvaa shingoni. Mtangazaji akachaguliwa ndege Hondohondo, kwa sababu ana mdomo mkubwa na anapenda kuusikia. Mwamuzi akachaguliwa Twiga. Twiga anaona kila kitu na hasemi kitu.

Mashindano yakapelekwa nchi ya Swala, kwenye uwanda mpana. Mwisho wa njia ya mbio Swala wakajenga mlango. Mlango mwembamba kama wa zizi, miiba huku, miiba huku. Hondohondo akatangaza, "Wa kwanza kuingia mlangoni ndiye mshindi!" Wote wakaitikia, "Sawa!"

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, nisije nikarudia.

Ngiri ana adabu yake ya kuingia nyumbani. Nyumba ya ngiri ni shimo. Jioni wakirudi, watoto wanaingia kwanza, vichwa mbele. Mama anabaki nje. Watoto wakishaingia wote, mama anageuka. Anatanguliza makalio. Anaingia kinyumenyume, polepole, na meno yake yanabaki mlangoni yakitazama nje. Chui akija nyuma yao, anakutana na meno. Ndivyo walivyofundishwa na mama zao, na mama zao na mama zao. Ngiri ukimwonyesha tundu lolote atageuka kwanza, ndipo aulize ni la nani.

Sasa, katika ngiri wote hakuna aliyejua mbio kama Tifua. Tifua alikuwa mama wa watoto wanne. Akikimbia, mkia unasimama wima, vumbi linapanda, puru puru puru! Miaka mitano hapakuwa na ngiri aliyemwona usoni katika mbio. Wote walimjua mgongo. Wanawake wa kwao walimtungia wimbo. Nyinyi mtaitikia "Mkia juu." Haya:

Tifua e!

Mkia juu!

Vumbi hilo!

Mkia juu!

Nani mbele?

Tifua!

Aa, hapo mwisho mmejibu vizuri bila kufundishwa. Basi wimbo huo ndio uliokuwa chakula cha Tifua. Nyasi alikula kwa sababu ana tumbo, lakini alishiba wimbo.

Kila taifa liliruhusiwa wakimbiaji wawili, mmoja wa mbio fupi, mmoja wa mbio ndefu. Ngiri wakamtoa Tifua kwa mbio fupi. Kwa mbio ndefu wakamtoa Chepe. Chepe alikuwa msichana wa juzi tu, jirani yake Tifua, shimo kwa shimo. Alimpenda Tifua. Alimwita dada. Alikuwa akimchimbia mizizi na kumwachia mlangoni. Kiongozi wa msafara alikuwa Bi Mashavu, mama mnene asiyependa maneno mengi.

Siku ya kwanza ikawa ya kuruka. Swala wakashika zote tatu, njano, nyeupe na udongo. Mbuni wakanung'unika, "Mchezo wao, uwanja wao, tungetegemea nini?" Kisha ikawa kupanda mti. Nyani wakashika zote tatu. Swala wakanung'unika, "Kupanda mti nako ni mchezo? Huko si ndiko kwao?" Yaani kila medali ikivaliwa, shingo moja inafurahi na shingo mia zinakauka kwa wivu. Mkubwa wa Nyani alivaa nta yake akakaa nayo juani makusudi ili ionekane. Ikamyeyukia kifuani, chururu. Nyuki wakaanza kumzengea. Hakuivua.

Jioni Hondohondo akatangaza. "Swala, njano moja, nyeupe moja, udongo mmoja! Nyani, njano moja, nyeupe moja, udongo mmoja! Mbuni, sifuri! Kobe, sifuri! Ngiri, sifuri!"

Bi Mashavu akasema, "Kesho ni kesho. Tunaye Tifua."

Siku ya pili ikawa mbio fupi. Watu wakajaa. Sasa ngiri ni wafupi, jamani. Mbele yao kulikuwa na nyasi, mbele ya nyasi kulikuwa na miguu ya mbuni. Hawakuona mlango. Waliona vumbi, basi.

Filimbi ikalia. Tifua huyo! Puru puru puru! Mbuni nyuma yake, swala nyuma ya mbuni, na nyuma kabisa nyani mmoja mzee mwenye chongo, anakimbia huku anamenya tunda. Tifua yuko mbele hatua kumi. Anaukaribia mlango. Miiba huku, miiba huku, na katikati pengo jeusi la kivuli.

Akageuka.

Hakufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Alisimama, akageuka, akatanguliza makalio, akarudi nyuma mpaka mwili wote ukawa ndani na meno yakabaki nje yakitazama njia. Akamwona mbuni anamjia. Mbuni akamruka. Swala akamruka. Nyani mwenye chongo akampanda mgongoni, akashuka upande wa pili, akatupa ganda la tunda.

Hondohondo akainama juu ya mti, akamwambia kwa sauti ya chini, "Pole mama. Tunahesabu pua. Pua yako bado iko nje."

Tifua akajitazama, akaona ni kweli.

Alirudi kwa wenzake ameinamisha kichwa. Walimzunguka. "Tifua, imekuwaje? Tumeona vumbi lako la kwanza!"

Angesema nini? Aseme aliingia mbioni kama mtu anayeingia kulala? Akasema, "Nilijikwaa."

"Pole, mama. Pole sana."

Wakamlaza, wakamchomoa miiba. Ilikuwa mingi. Chepe ndiye aliyeichomoa mingi zaidi, polepole, anapuliza kila tundu asiumie.

Jioni Hondohondo akatangaza. "Swala, njano moja, nyeupe mbili, udongo mmoja! Nyani, njano moja, nyeupe moja, udongo mbili! Mbuni, njano moja! Kobe, sifuri! Ngiri, sifuri!"

Bi Mashavu akashusha pumzi. "Basi," akasema. "Tunaye Chepe."

Neno hilo likampiga Tifua kifuani, ti! Jana ilikuwa "tunaye Tifua." Leo ni "tunaye Chepe." Siku moja tu!

Wewe unayetikisa kichwa hapo nyuma, unajifanya hujui? Mimi mwenyewe jirani yangu alipoezeka bati, nilikwenda kumpongeza, nikamsifu, nikanywa na chai yake. Nikarudi nyumbani nikaomba mvua ije na upepo. Naam, niliomba. Mnicheke tu, lakini mnanielewa.

Siku ya tatu ikawa kurusha mawe. Nyani wakachukua njano na nyeupe. Mbuni mmoja akalipiga jiwe teke likaenda mbali, akapewa udongo. Kisha ikaja kukaa kimya, mchezo ambao Kobe waliuomba wenyewe. Walijitokeza kobe watatu, hakuna mwingine. Wakakaa. Wakakaa. Wakakaa. Jua likahama. Wakapewa medali zote tatu, na mpaka wanapewa, mmoja alikuwa bado hajajua mchezo umekwisha.

Jioni Hondohondo akatangaza. "Nyani, njano mbili, nyeupe mbili, udongo mbili! Swala, njano moja, nyeupe mbili, udongo mmoja! Kobe, njano moja, nyeupe moja, udongo mmoja! Mbuni, njano moja, udongo mmoja! Ngiri..."

Hakumalizia. Alikohoa.

Hata Kobe! Kobe ambao hawajakimbia hata hatua! Watoto wa kobe wakapita mbele ya ngiri taratibu, wamening'iniza ganda la konokono, na walipita mara tatu.

Bi Mashavu akawakusanya watu wake. Akasema, "Imebaki mbio ndefu. Chepe akipata njano, tutabakiziwa maji, hakuna ngiri atakayekunywa tope. Akipata nyeupe au udongo, tutabaki mwisho. Kwa hiyo nataka njano." Akamgeukia Chepe. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Wanawake wakamletea Chepe nyasi laini. Wakampaka tope baridi mgongoni. Wakamwimbia. Sasa sikilizeni walivyoimba:

Chepe e!

Mkia juu!

Vumbi hilo!

Mkia juu!

Nani mbele?

Chepe!

Wimbo wake! Wimbo wake Tifua! Hawakubadilisha hata sauti, walitoa jina wakatia jina. Tifua alikuwa ameketi kando na wanawe wanne. Yule mdogo kabisa naye akaitikia "mkia juu," tena kwa furaha. Tifua akamvuta sikio. Mtoto hakujua amekosa nini.

Chepe akaja akakaa karibu naye. "Dada, wewe umekwisha kufika kule. Huko mwisho kukoje?"

Tifua akawaza. Neno liko mdomoni. Usigeuke. Neno moja tu. Akatazama wale wanawake wanaoimba. Akasema, "Kuko kama kwingine."

"Asante, dada."

Asubuhi ya siku ya nne Chepe akaja tena. "Dada, nasikia kuna mlango. Ni mlango gani?"

Tifua akasema moyoni, mwambie. Akawafikiria wanawe. Akafikiria tope. Kisha akamfikiria Chepe amevaa ile nta shingoni, anarudi nyumbani, ngiri wote wametoka nje, na yeye Tifua amesimama katika umati anapiga makofi. Akiwa katika umati! Akaona bora kila mtu akose.

"Ni mlango tu," akasema. "Mwembamba."

"Asante, dada."

Wakimbiaji wakaitwa. Chepe akasimama kwenye mstari. Akageuza kichwa, akamtafuta Tifua kwa macho. Akapaza sauti, "Dada! Nikiufikia huo mlango nifanye nini?"

Mara ya tatu hiyo. Ngiri wote wamemgeukia Tifua. Bi Mashavu anamtazama. Ngiri wote wanangoja.

Tifua akatabasamu. Akasema, "Fanya kama nyumbani, mwanangu."

Filimbi ikalia.

Jamani, Chepe alikimbia! Puru puru puru puru! Mara ya kwanza akazunguka uwanda, swala yuko naye sambamba. Mara ya pili akazunguka, swala yuko nyuma. Mara ya tatu, mbuni anahema, nyani amekaa chini kupumzika akaamka tena, na Chepe yuko peke yake na vumbi lake. Ngiri wanaruka. Hawaoni kitu lakini wanaruka. "Vumbi hilo! Mkia juu!" Bi Mashavu, yule asiyependa maneno, anapiga kelele kuliko wote.

Tifua alikuwa ameingia katikati ya miguu ya mbuni, akasogea mpaka mbele kabisa. Alitaka kuona.

Chepe akaufikia mlango. Nyuma yake hakuna mtu. Angeweza kuingia anatembea. Angeweza kuingia anaimba. Akauona mwembamba, miiba huku, miiba huku. Akakumbuka neno la dada yake. Akasimama. Akageuka vizuri, kwa adabu zote. Akatanguliza makalio. Miiba ikamchoma, hakujali. Akarudi nyuma mpaka mwili wote ukawa ndani, na meno yakabaki nje yakitazama njia.

Akakaa hapo. Akatabasamu. Aliona ameshinda.

Swala anakuja. Chepe anamtazama anavyokuja, anamwonea huruma. Swala akaruka, fyuu! Chepe akadhani ni mchezo wao. Mbuni akaja, akavuka, tapa tapa. Nyani akaja anachechemea, akampanda mgongoni, akashuka. Chepe bado anatabasamu.

Tifua aliliona lile tabasamu. Mlango ulikuwa hatua tano kutoka pale aliposimama. Angepiga kelele "Ingiza pua!" Chepe angesikia. Tangu swala alipokuwa mbali kule, muda ulikuwepo. Alifungua mdomo. Akaufunga.

Hondohondo akatangaza. "Njano, Swala! Nyeupe, Mbuni! Udongo, Nyani!"

Chepe akauliza, "Na mimi?"

Hondohondo akamwambia kama alivyomwambia mwenzake, "Pole mama. Tunahesabu pua."

Kukawa na zogo. Si la ngiri, ngiri walikuwa hawajaelewa bado. Zogo la Swala. Walikuwa wamehesabu haraka. Nyani njano mbili, nyeupe mbili. Swala njano mbili, nyeupe mbili. Lakini Nyani walikuwa na udongo tatu, Swala udongo mmoja. Mkubwa wa Swala akapiga kwato chini. "Udongo nao ni medali? Udongo si udongo tu? Hata mimi nimeukanyaga hapa!" Mkubwa wa Nyani akamwambia, "Basi chota uuvae." Mbuni na Kobe nao walikuwa sawasawa, moja, moja, moja, wakagombana nani atakunywa kabla ya nani. Kobe wakasema wangojewe kwanza wafikiri. Mbuni wakasema wakingoja kobe wafikiri kiangazi kitakwisha. Kwa wivu wa siku ile, kama Twiga asingesimama katikati, lile bwawa lingepiganiwa palepale.

Ngiri wao walikaa pembeni. Sifuri ya njano, sifuri ya nyeupe, sifuri ya udongo.

Chepe akaja analia, "Nimegeuka kama nyumbani, kumbe wanahesabu pua!" Wakamlaza, wakaanza kumchomoa miiba makalioni. Mmoja, miwili, mitatu. Mama mmoja akasema, "Mbona ni palepale? Palepale kama alivyochomwa Tifua?"

Bi Mashavu akaukamata mwiba, akautazama. Akamtazama Tifua. "Tifua. Anayejikwaa anaanguka na uso. Wewe uso wako ulikuwa mzima. Tulikuchomoa miiba nyuma. Ulijikwaa kinyumenyume? Uligeuka mlangoni. Uliambiwa wanahesabu pua. Ulijua."

Chepe akainua kichwa. Machozi yamekatika. Alikuwa anangoja dada yake akatae. Angekataa tu, Chepe angemwamini. Hata angesema uongo mbaya kabisa, Chepe angeushika.

Tifua akasema, "Nilijua." Kisha kwa sababu lilikuwa limemjaa, likatoka lote. "Mlimwimbia wimbo wangu! Miaka mitano nimekimbia, mkampa wimbo wangu kwa siku moja! Nilitaka asinipite. Sikutaka maji, sikutaka nini. Nilitaka asinipite!"

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Bi Mashavu akasema, "Tufunge mizigo, twende nyumbani."

Walitembea siku mbili. Hakuna aliyeimba njiani.

Kiangazi kikaja, kikali kama kilivyo. Madimbwi yakakauka. Mataifa yakapanga foleni bwawani, na kweli, hawakupigana. Nyani wakanywa wa kwanza, wakaoga humohumo kwa makusudi. Wakaja Swala, wakanywa wamenuna. Wakaja Mbuni. Wakaja Kobe, na kobe akinywa, mtazamaji anaweza kulala akaamka. Jua likawa kali, maji yakapungua. Mwisho Hondohondo akaita, "Ngiri!"

Ngiri wakasogea. Mbele yao hapakuwa na maji. Palikuwa na tope lenye alama za kwato, vidole na kucha za mataifa yote. Katikati kidogo palibaki kijishimo, na ndani ya kijishimo maji ya kahawia, kiasi cha kuloweka ulimi.

Tifua alikuwa amesimama nyuma kabisa. Tangu siku ile alizoea kusimama nyuma.

Bi Mashavu akageuka. Akasema, "Tifua, pita mbele."

"Mimi?"

"Wewe. Hapa kwetu wa kwanza ni wa kwanza. Tulishindana, na hakuna ngiri aliyekupita. Pita."

Tifua akawatazama. Hakuna aliyecheka. Walimfungulia njia, huku na huku, wakimtazama apite. Akapita. Hakuwa na la kufanya, na kiu ilikuwa inamchoma. Akapiga magoti kwenye tope, akainamisha mdomo kwenye kile kijishimo, akanywa. Yalikuwa maji ya kwanza ya ngiri, na yalikuwa machungu ya jasho la miguu ya watu.

Alikunywa kidogo, akabakiza. Akasogea pembeni ili watoto wapate nafasi. Akaita, "Haya wanangu, njooni. Njooni kwa mama."

Hawakuja.

Akageuka. Wanawe wanne walikuwa kwenye foleni, nyuma ya Chepe. Yule mdogo alikuwa ameegemea mguu wa Chepe, amefumba macho kwa kiu, na Chepe amemkinga jua kwa kivuli chake.

Tifua akaita tena, kwa majina, mmoja mmoja. Wakamtazama. Kisha wakamtazama Chepe, wakingoja aseme.

Chepe akasema, "Nendeni, mama yenu anawaita."

Ndipo wakaenda.

Watoto, mmenyamaza. Wakubwa, nyinyi mmenyamaza zaidi. Basi nawaambieni waziwazi, asije mtu akasema hakuelewa. Tifua hakuwa mbaya kwa sababu alitaka kushinda. Kila mtu anataka kushinda. Ubaya wake ulianza pale alipoacha kutaka apate yeye, akataka mwenzake akose. Ukimnyima mwenzako, mnakosa nyote, watu wako na watoto wako wakiwemo. Na ukiwa wa kwanza kwa namna hiyo, utakuwa wa kwanza peke yako.

Hadithi yangu ndiyo imekwisha hivyo. Aliyetaka iishe vingine, akatunge yake.